Ndugu wa Kuandikishana

Mwaka nilioanza kazi ni ule ambao mkate wa ngano ulirudi Makambako. Kabla yake tulikula unga wa yanga, ule wa manjano, mpaka watoto wakadhani ugali mweupe ni chakula cha wagonjwa. Chai tuliinywa na chumvi, na mwenye sukari aliificha chini ya kitanda kama bunduki. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka yakajaa, na mwanamke aliyetoka sokoni bila mkate kwapani watu walimwonea huruma. Mkate wangu wa kwanza niliula nimesimama, nje ya geti la kiwanda cha mbao, nikisubiri kuandikwa kazi ya ufagizi.

Jina la kiwanda siliandiki. Waliokuwapo wanalijua, na wasiokuwapo halitawasaidia. Kilikuwa kati ya Njombe na Makambako, mahali ambapo mwezi wa sita baridi inauma masikio hata ukiwa umekaa na moto. Mjukuu wangu anashika kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, ana shahada yake ukutani, nimeipangusa vumbi mwenyewe. Ndiye aliyeniambia, "Bibi, umestaafu, andika. Wenzangu wanadhani mambo haya yameanza na kompyuta." Mimi nina darasa la nne. Naandika. Asiyependa mwandiko wangu arukie ukurasa mwingine.

Nilipewa kufagia ofisi ya Mzee Yohana, karani wa kadi, mwanamume mrefu mwenye kikohozi na sweta la rangi ya udongo. Siku ya tatu niligonga droo kwa mpini wa ufagio, kadi zikamwagika chini zote. Nilijua kazi imekwisha. Yeye alikuwa ametoka kwenda chooni, na aliporudi akanikuta nimepiga magoti, nimezipanga nusu. Alisimama akaangalia.

"Umezipanga kwa namba," akasema. "Kwa nini si kwa majina?"

"Kwa sababu humu kuna Skolastika watatu, mzee, na wawili baba zao wote ni Kastori."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nimeona tu."

Juma lililofuata ufagio alipewa mwingine. Hayo ndiyo yote nitakayosema kuhusu kupanda kwangu cheo.

Kadi zilikuwa za nini? Kiwanda kilikuwa na zahanati. Mfanyakazi alitibiwa bure, yeye na watu wake: mke au mume, watoto, wazazi. Na mtoto wa ndugu pia, kama mzazi wa mtoto huyo hana kazi. Mtu akifiwa, alipewa ruhusa, na kiwanda kilitoa lori la kubeba maiti na mbao za jeneza. Kwa hiyo muuguzi na dereva wa lori kila siku walikuja dirishani kwetu na swali moja: huyu ni nani wa nani?

Mwanzo tuliandika ndani ya kadi ya kila mtu. Kadi ya mume iliandikwa mke, kadi ya mke iliandikwa mume. Basi Kastori mmoja, mkataji magogo, akaachana na mkewe. Akaja, nikafuta kwenye kadi yake, nikasahau kadi ya mwanamke. Baada ya miezi miwili mwanamke kaja na mtoto anaharisha. Kadi yake inasema ana mume kiwandani, kadi ya mume inasema hana mke. Muuguzi akadhani kadi ni ya uongo, akamrudisha. Ilikuwa mvua, na kutoka pale hadi Mahongole kwa miguu ni mwendo. Mtoto alipona, lakini mama yule alipopita dirishani kwangu alitema mate, na alikuwa na haki.

Mzee Yohana hakunifokea. Alikohoa kwanza, kisha akasema, "Uhusiano si mali ya mtu mmoja. Ukiuandika kwa mmoja, umemwibia mwenzake. Ukiuandika kwa wote wawili, iko siku utafuta upande mmoja na kusahau mwingine. Upe kadi yake wenyewe."

Ndipo tulipoanza vipande vya pinki. Kadi nyeupe ya mtu ilibaki na mambo yake tu: namba, jina, alikotoka, mwaka aliozaliwa kama anaujua. Kipande cha pinki kilikuwa na namba mbili na neno moja katikati. 214, mke wa, 87. Basi. Kipande kimoja unakisoma mbele na nyuma. Wakiachana, unatoa kipande kimoja, na hakuna kadi inayobaki inadanganya. Mwenye wake wawili ana vipande viwili, na hatuna haja ya kumsonya.

Kuuliza tuliuliza kwa spoku ya baiskeli. Juu ya kila kipande tulitoboa matundu manne: la mke na mume, la mtoto na mzazi, la ndugu, la mengineyo. Kama kipande ni cha ndugu, unakata kwa mkasi ukingo wa tundu la tatu mpaka linakuwa mdomo wazi. Ukitaka ndugu wote, unapitisha spoku kwenye tundu la tatu la rundo zima, unainua, unatikisa. Vyenye tundu zima vinaning'inia, vyenye mdomo vinaanguka mezani. Kumtafuta mama mkubwa wa mtoto ni kutikisa mara mbili: kwanza mzazi wa mtoto, kisha ndugu wa mzazi. Nilipoanza niliona uchawi. Nikazoea, nikawa natikisa huku natafuna kiazi.

Mzee Yohana alikufa mwaka wangu wa tano kazini, kwa kile kikohozi. Nilimtafutia lori mwenyewe, kwa kipande cha mwanawe.

Sasa niwaambie kosa langu, na ninyi mnaopanga watu kwenye mashine mlisikilize.

Kiwandani kulikuwa na watu wa mbali, wa Ludewa, wa Makete, wengine wa kule ambako sijafika. Mtu wa mbali akifiwa, au akifa mwenyewe, nani atakaa mbele kupokea pole? Maiti isiyo na mtu wa kupewa pole ni aibu kwa kijiji kizima. Kwa hiyo watu wakaanza desturi yao ya kuandikishana. Wawili wanakubaliana, wanakuja dirishani kwangu wakati wa chai, wananiambia, "Mama, tuandike ndugu." Nami naandika. Siku ile wanapikiana, wanakula pamoja, na kuanzia hapo mmoja akipatwa na jambo mwenzake anasimama. Sikuona haja ya kumuuliza mtu kama ni ndugu wa tumbo moja. Kwetu swali hilo ni tusi. Mtu akikuambia huyu ni ndugu yangu, ukamuuliza "ndugu kweli?", umemwambia ni mwongo na mama yake pia. Kwa hiyo wote, wa damu na wa kuandikishana, niliwakatia tundu lilelile la tatu. Neno lilelile. Hakuna alama nyingine. Tofauti ilikuwa kichwani mwangu, na miaka yote ile hakuna aliyeiulizia.

Ndivyo walivyokuja Oresta na Vumilia. Oresta alikuwa mjane wa Ludewa, mpanga mbao, mwembamba lakini akibeba ubao wanaume wanapisha. Alikuwa na binti mmoja, Gaudensia, wa miaka minane, mwenye kifafa. Alishaangukia moto mara moja, mkono wa kushoto una kovu mpaka kiwiko. Vidonge vya zahanati ndivyo vilivyomshika. Vikikatika siku tatu, anaanguka. Vumilia alikuwa wa hapahapa Mahongole, mnene, mwenye mdomo.

"Kamwene, mama," Vumilia akasema. "Nimekuletea mdogo wangu. Tumefanana, si unaona?"

"Mmefanana kama ubao na gunia la mahindi," nikamjibu.

"Andika hivyohivyo. Gunia ni ndugu wa ubao."

Oresta alicheka mpaka akaziba mdomo. Niliandika, nikakata tundu la tatu.

Halafu kiwanda kikauzwa. Ilikuwa miaka ile ya kubinafsisha, kila mtu anasikiliza redio kwa kuinamisha kichwa kama anayesikiliza panya darini. Wakaja wenye mali wapya, tusiowaona, na meneja tuliyemwona. Alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mpole, anayesema shikamoo kwa kila mtu hata kwa wasiomzidi sana. Alileta kompyuta na binti wa kuipiga, Rehema, ambaye baba yake alikuwa na duka Makambako. Rehema alivaa ushungi wake na juu yake kofia ya sufu kwa sababu ya baridi. Nilimpenda kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu aliniuliza kabla ya kugusa.

"Mama, hivi vya pinki ni nini?"

Nikamweleza. Akavua kofia, akaketi.

"Mimi nimelipiwa ada miezi sita kufundishwa hiki. Jedwali la watu peke yake, jedwali la uhusiano peke yake. Ninyi mlikuwa nacho kwenye kisanduku cha viatu."

"Cha raba," nikasema. "Viatu tulikuwa hatuna."

Tuliingiza kadi zote kwa wiki tano, mimi nasoma, yeye anapiga. Jenereta likizimika tunaota moto. Lilikuwa jambo la kuvutia kuona swali la kutikisa mara mbili linajibiwa kabla hujakohoa. Wala sikuuliza haraka ile inatafutwa ya nini. Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi kuliko kwenye matundu.

Siku tulipomaliza, meneja alimpa Rehema swali la kuuliza: nani na nani, kazini humuhumu, ni ndugu? Printa ikaanza kulia, na ikaendelea kulia. Rehema akachukua karatasi, akaanza kuchora nyuma yake kwa kalamu. Oresta ndugu wa Vumilia. Vumilia ndugu wa Zakaria wa msumeno, na hawa kweli ni tumbo moja. Zakaria ndugu wa Mkinga mmoja, mtu wa Makete, wa kwenye tanuru la kukausha, wa kuandikishana. Mkinga ndugu wa mlinzi. Mlinzi ndugu wa wawili jikoni. Mistari ikapandana mpaka karatasi ikafanana na sweta lililofumuka.

"Mama," Rehema akasema taratibu, "kompyuta inasema karibu kiwanda kizima ni ukoo mmoja."

"Anataka kujua ili iweje?"

Akaangalia mlango kwanza. "Wenyewe wamesema watu wapunguzwe. Nyumba moja, kazi moja. Palipo na ndugu kazini, abaki mmoja, wengine wapumzike."

Kupumzika ni neno la ofisini. Tumbo halijui kupumzika.

Meneja aliniita. Karatasi ilikuwa mezani, na hakuwa na hasira.

"Shikamoo mama. Hii haiwezekani. Nikiifuata hii, nitabaki mimi, Rehema na mbwa wa getini."

"Marahaba. Mbwa naye mwulize vizuri."

Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nimeambiwa wako ndugu wa kweli na ndugu wa maneno, na anayewajua ni wewe peke yako. Chukua orodha, nenda nayo nyumbani. Wa damu, weka alama nyekundu. Ijumaa niletee. Mimi sifukuzi watu kwa kupenda, mama. Nisipopata orodha ya haki, watatumia isiyo ya haki."

Akanipa kalamu nyekundu, mpya, na kifuniko chake.

Siku nne zile sitaki kuzikumbuka na nazikumbuka zote. Orodha niliiweka chini ya debe la unga, nikawa nasonga ugali huku naiona. Nilifanya hesabu ya watu kichwani. Nikiweka alama kwa Vumilia na Zakaria, mmoja wao anaondoka kwa mkono wangu. Nisipoweka kwa Oresta, Oresta amepona. Nikishasema hawa si ndugu wa kweli, hata vipande vyao vya msiba vimekufa. Nikisema uongo kwa mmoja, itabidi niseme uongo kwa wote, na mimi kwa uongo ni mbovu, masikio yanawaka moto. Nilikula kidogo mpaka mume wangu, ambaye huwa haoni kitu, akaniuliza kama nina homa.

Jumatano jioni Oresta alikuja kwangu. Habari ya orodha ilishafika kila jiko. Hakutaka kiti.

"Mama, sema mimi si ndugu yake. Ni kweli. Wewe unajua ni kweli. Mimi nimetoka Ludewa, yeye wa hapa, hatuna hata shangazi mmoja."

"Vumilia anajua umekuja?"

"Ndiye aliyenituma." Akafuta uso kwa kiganja. "Anasema bora undugu ufe, mtoto aishi. Mama, vile vidonge. Nikitoka kazini nitavipata wapi?"

Nilimpa uji, hakuunywa, akaondoka. Nimezaa watoto sita na nimezika wawili, lakini mlango ule alivyoufunga polepole, bila kuubamiza, nausikia mpaka leo.

Ijumaa nilivaa kitenge changu cha kanisani nikaenda. Kalamu niliirudisha na kifuniko chake. Orodha niliirudisha haina hata doa, ila unga kidogo pembeni.

"Hujaweka alama," meneja akasema.

Nikamwambia, "Kadi hizi ziliandikwa ili watu watibiwe na wazikwe. Kwa kufukuza watu, sizisomi."

Nje msumeno ulikuwa unalia na kunyamaza. Kisha akasema, "Basi mmoja tu. Yule mama wa mtoto mgonjwa amekuja kwangu mwenyewe, ameomba. Niambie ni ndugu au si ndugu, nimwache. Si kumfukuza huko, mama, ni kumwokoa."

Nikwambieni ukweli: mdomo ulifunguka. Neno lilikuwa mbele ya meno. Lakini dirishani nikaona Zakaria anapita na gogo begani, na nikajua nikimsomea mmoja, Jumatatu foleni itafika getini, kila mtu anakana ndugu yake mbele yangu, na mimi nimeketi na kalamu nyekundu kama Pilato wa kike. Nikatikisa kichwa. Nikatoka.

Hakunifukuza. Hilo nampa. Alikwenda Njombe kuuliza ofisi ya kazi, akarudi na njia nyingine: walioingia mwisho ndio watangulie kutoka. Ilikuwa njia ya haki kuliko ile, na watu waliikubali kwa midomo iliyofungwa. Oresta alikuwa na miaka miwili tu kazini. Alikuwa wa nne kwenye orodha.

Siku aliyorudisha buti na glovu alipita dirishani kwangu bila salamu. Msinifariji. Ningesema neno moja, angebaki. Nililijua na yeye alilijua. Nilihesabu vidonge vya mtoto kama vyangu: mwisho wa mwezi, halafu siku tatu.

Rehema ndiye aliyeliona, si mimi. Alikuwa anafuta namba za walioondoka, akasimamisha vidole.

"Mama, nimefuta ajira ya Oresta. Undugu wake sijaufuta. Undugu si ajira, au siyo?"

"Si ajira," nikasema.

"Basi ngoja." Akauliza mashine: mtoto huyu, mzazi wake nani, mzazi huyo, ndugu yake nani, ndugu huyo, yuko kazini? Kutikisa mara mbili, na swali moja juu. Kioo kikajibu jina moja. Vumilia. "Mtoto wa ndugu, mzazi hana kazi. Sheria ya zahanati bado ipo, kwenye mkataba wa kuuziana hawakuigusa. Mama, kile kipande chako cha tundu la tatu kinamtibu."

Nilishika meza. Ningekitoa kile kipande Ijumaa ile, kumwokoa mama, kusingekuwa na njia ya kumfikia mtoto siku mama akitoka. Na kazini kila mtu hutoka siku moja. Lakini msinisifu kwa hilo. Mimi sikuona mbali hivyo. Niliogopa tu kalamu.

Nilimtuma Vumilia mara hiyohiyo amchukue mtoto. Jumatatu asubuhi akaja zahanati amemshika Gaudensia mkono, ule wenye kovu, na Oresta amebaki nje ya geti, kwa sababu ndani hana ruhusa tena. Muuguzi alisoma karatasi ya Rehema, akafungua kopo la vidonge, akaingiza mkono. Na meneja akatokea mlangoni, kwani zahanati alikuwa ameambiwa aipunguze pia. Akachukua karatasi, akaisoma, akamwangalia Vumilia, akamwangalia mtoto. Akaniita kutoka dirishani kwangu, hatua kumi tu, nami nikaenda.

"Mama," akasema, si kwa ubaya, "huyu ni mtoto wa ndugu yake kweli? Maana yule mama mwenyewe aliniambia si ndugu. Kama si ndugu, sina namna, itabidi atoke kwenye orodha."

Vumilia, mwenye mdomo ule, alimvuta tu mtoto karibu. Muuguzi mkono wake ulikuwa bado ndani ya kopo. Vidonge vile Gaudensia alivimeza mpaka akawa mama wa watoto, lakini asubuhi ile hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba neno langu moja lingeutoa ule mkono mtupu.

Masikio yalikuwa yanawaka. Nikasema:

"Kadi hizi ziliandikwa ili watu watibiwe na wazikwe. Kwa kufukuza watu, sizisomi."